Siku tisa jangwani bila kituo cha mafuta: naombeni mnikagulie hesabu

Safina

Habari zenu wakuu. Naomba macho ya watu waliowahi kuvuka jangwa kwa gari, nje ya barabara kabisa, siku kadhaa mfululizo.

Tunaondoka wanne: mimi, mume wangu, shemeji yangu, na rafiki yetu ambaye ni fundi umeme wa magari. Magari ni mawili ya dizeli, ya aina moja, ya miaka ya nyuma. Tuliyachagua makusudi. Vipuri vinaingiliana, na injini hazichagui dizeli kama hizi za kisasa, ambazo zikipewa dizeli yenye salfa nyingi mfumo wa moshi unaziba na gari linapoteza nguvu.

Ruhusa ya kuingia eneo lenyewe haijatoka, kwa hiyo njia sitaitaja. Nitasema sura yake. Kutoka kituo cha mwisho cha mafuta hadi cha kwanza ng'ambo ni kilomita 870 kwenye ramani. Kama kilomita 300 ni mchanga wenye matuta, zilizobaki ni changarawe na mawe. Njiani kuna kisima kimoja chenye alama kwenye ramani, ila sijampata mtu aliyekinywea maji karibuni. Tumejipa siku tisa.

Daftari nimekabidhiwa mimi. Hesabu zangu hizi:

Mafuta: magari yanakula lita 13 kwa kilomita 100. Kwa 870 ni lita 113. Nimeweka 155 kwa kila gari, yaani tangi la 95 na madumu matatu ya lita 20.

Maji: lita 3 kwa mtu kwa siku, watu wanne, siku tisa, lita 108. Nimepandisha hadi 120, kwenye tangi moja la plastiki ndani ya gari letu.

Mzigo: mume wangu amenunua hema la kufungulia juu ya keria na ameshalifunga. Madumu ya mafuta na tairi la akiba la pili vitakaa hukohuko juu, pembeni ya hema. Ndani tumetengenezewa kabati la mbao lenye droo, na kuna friji.

Upepo wa tairi: kila ninayemuuliza ana namba yake.

Swali langu kubwa ni la mwisho. Nitajuaje kwamba leo ndiyo siku ya kugeuza gari na kurudi? Mume wangu anasema tutaona tukifika. Nimelala na neno hilo wiki mbili na bado halijanitulia.

---

Babu Dira

Mwanangu Safina, salamu kwako na kwa mumeo. Nimeendesha magari ya wapima ardhi na wajiolojia jangwani miaka 17. Mengine wenzangu humu watakujibu vizuri kuliko mimi. Mimi nishike mafuta na hilo la kugeuza, maana kwangu ni jambo moja.

Lita 13 ni ulaji wa lami. Ulisahau kwamba mchangani unakwenda kwa gia nzito, injini inalia, na gurudumu linazunguka zaidi ya gari linavyosogea. Kwa gari la aina hiyo lenye mzigo, mimi huweka 22 kwa kilomita 100 mchangani na 16 kwenye changarawe. Kwa hiyo kilomita 300 za mchanga ni lita 66, na 570 za changarawe ni 91. Jumla 157. Ile 155 yako imekwisha kabla hujafika, na hapo hujakosea njia hata mara moja.

Na utaikosea. Mstari wa ramani umenyooka, gari halinyooki. Tuta likikukatalia unalizunguka, korongo likikatika unatafuta pa kushukia. Ongeza sehemu moja ya tano: 189. Halafu weka robo ya hiyo kama akiba isiyoguswa: 47. Jumla 236. Tangi lako na madumu saba yanakupa 235, na hiyo ndiyo namba ya kila gari. Kila gari libebe ya kwake.

Sasa kugeuza. Toa akiba kwenye 235, unabaki na 188. Gawa mara mbili: 94. Hiyo 94 iandike kwa herufi kubwa. Gari lolote kati ya mawili likishatumia lita 94, hapo ndipo pa mwisho ambapo kurudi na kuendelea vyote vinawezekana bila kugusa akiba. Ukivuka hapo, njia ya kurudi imefungwa na umebaki na ya mbele tu.

Tuseme mmetumia 94 mkiwa kilomita 380. Zimebaki 490. Kwa ulaji mliouona wenyewe, karibu lita 25 kwa kila kilomita 100 za ramani, zitaondoka lita 121, na mtafika na lita 20 kwenye tangi. Hapo kurudi ni sahihi hata kama gari ni zima, watu ni wazima na kila mtu ana hamu ya kusonga. Lakini kama 94 imefika mkiwa mbele ya pale hesabu ilipowatarajia, endeleeni kwa amani. Kwa njia yenye ardhi ya namna moja, mahali hapo ni katikati, kilomita 435. Yako ina mchanga na changarawe, kwa hiyo niambie mchanga unaanza kilomita ya ngapi nikupigie upya.

Kupima msitegemee mshale wa dashibodi, gari likiinama kidogo unadanganya. Kila jioni jazeni tangi hadi shingoni kutoka kwenye madumu, kisha hesabuni madumu. Sisi daftari la jioni lilituokoa. Usiku mmoja dumu moja likakutwa jepesi: mshono wake ulikuwa umesuguana na chuma cha keria siku nzima, lita 20 zimevuja mchangani na hakuna aliyesikia harufu. Tungeligundua siku ya mahitaji, sijui. Tangu hapo nafunga kipande cha mpira kati ya kila dumu na chuma.

Kwa sababu hiyohiyo, hilo tangi moja la maji lita 120 litoe. Nimeshuhudia tangi la namna hiyo likipasuka pembeni kwa mtikisiko, na maji ya watu watano yakawa tope sakafuni mwa gari. Weka maji kwenye madumu ya lita 20, nusu gari hili, nusu lile.

Na kisima usikihesabu kabisa. Mkikikuta kina maji, ogeni.

Nikuhadithie safari moja. Magari mawili, watu sita. Siku ya nne upepo wa vumbi ulitulaza siku nzima na nusu, halafu tukazunguka sana kutafuta pa kupitia. Namba ya kugeuza ikafika zikiwa zimebaki kilomita 140 tu hadi kwenye miamba waliyoifuata. Mkuu wa msafara alikuwa ameisubiri safari ile miaka mitatu. Alinisihi kwa unyenyekevu, na hilo lilikuwa gumu kuliko angenifokea. Nilimfungulia daftari nikamwonyesha mstari ambao yeye mwenyewe aliuandika tukiwa bado na viatu safi. Akakaa kimya, akaingia garini. Siku ya pili ya kurudi beringi ya gurudumu la nyuma la gari moja ikasagika, mhimili ukaharibika nayo. Tuliliacha pale, tukapanda sita gari moja, na lita za akiba za magari yote mawili ndizo zilizotutoa. Ingetokea mbele kule, nisingekuwa naandika hapa.

Ndiyo maana nakuomba namba hiyo iandikwe leo, mkiwa mezani, mmeshiba na hamna kiu. Kule mtu mwenye kiu na hamu ya kufika hapigi hesabu, anatafuta sababu.

---

Fundi Boneti

Mzee amemaliza la mafuta, mimi nimfuatie kwenye uzito, maana dada Safina hukutupa uzito wa kitu hata kimoja.

Dizeli lita 235 ni kama kilo 197. Maji sijui Sista wa Zamu wa humu jukwaani atakupangia ngapi, ila kwa safari kama hii weka lita 190 kwa gari, kilo 190. Watu wawili 150. Madumu matupu, ya chuma na ya plastiki, karibu 40. Tairi mbili za akiba na rimu zake, 70. Hapo umefika kilo 647 na hujapakia chepe, spana, chakula, wala nguo. Magari ya aina hiyo mengi hubeba kati ya kilo 600 na 800. Kwa hiyo hilo kabati la mbao, friji na hema vinakaa juu ya uzito ambao tayari umejaa.

Chukua magari yote mawili yakiwa na mzigo wote, maji ndani, watu ndani, upeleke kwenye mzani wa magari. Pima gari zima, halafu ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Linganisha na kibati cha kiwandani. Ukizidi, cha kwanza kuvunjika ni springi za nyuma au keria yenyewe, na chesisi inafuata.

Vya juu vishushe. Madumu ya mafuta juu ya keria pamoja na hema yanainua kitovu cha uzito, na gari la namna hiyo likikaa kiubavu kwenye tuta linalala. Tairi juu ni sawa, madumu matupu juu ni sawa. Mafuta na maji viwe chini, mbele ya ekseli ya nyuma kadiri inavyowezekana, vimefungwa kwa mikanda.

Mwaka 1940 jeshi la Uingereza liliunda kikosi cha doria za mbali jangwani kule Misri, mwanzilishi wake Ralph Bagnold, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametembea jangwa la Libya miaka mingi kwa magari madogo ya Ford. Malori yao waliyavua milango, vioo vya mbele na mapaa. Kwenye rejeta walifunga kopo la kukamata mvuke ili maji yakichemka yapoe humo na kurudi yenyewe, wasipoteze hata kikombe. Huwa nawakumbuka watu wale kila nikiona gari la safari limepambwa.

Upepo: lami na mzigo huo, pauni 36 hadi 38 nyuma. Changarawe na mawe 26 hadi 28. Mchanga 16 hadi 18. Umekwama kabisa, 12, na hapo tembea taratibu na usikate kona kali, tairi litachomoka kwenye rimu. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, mchana joto linapandisha namba na utashusha kupita kiasi. Ukishusha upepo tairi hurefuka zaidi ya kupanuka, linalala chini kama nyayo ndefu, na ndiyo siri ya kuelea. Lakini ukitoka mchangani ukaingia mawe na upepo uleule wa 16, mawe yatakata ubavu wa tairi, na ubavu hauzibiki. Kwa hiyo kompresa mbili, moja kila gari, na valvu za akiba. Watu wanachoka kujaza upepo mara nne kwa siku, wanaanza kudanganya. Msidanganye.

Filta ya hewa itoeni kila jioni, igongeni taratibu itoe vumbi, futeni na nyumba yake. Na kwenye njia yenye mawimbi kama bati, simameni kila baada ya saa moja mguse shokapu. Ikiwa ya moto hata mkono hauvumilii, pumzikeni. Mafuta yake yakichemka haifanyi kazi tena, na springi inabaki peke yake.

---

Sista wa Zamu

Dada Safina, lita 3 ni za mtu aliyekaa kivulini. Mtu anayechimba mchanga chini ya gari kwenye nyuzi 40 anaweza kutoa jasho lita moja kwa saa, na kwa hewa kavu ya jangwani halionekani, linakauka likiwa bado kwenye ngozi. Utamwona mtu mkavu ukadhani hajatoka jasho.

Panga lita 6 za kunywa kwa mtu kwa siku na 2 za kupikia na usafi. Nane mara wanne mara tisa ni 288. Ongeza siku nne za kukwama kwa lita 6 tu: 96. Jumla 384, yaani 192 kila gari. Fundi alikisia vizuri.

Maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo ni hatari. Chumvi ya damu inashuka, mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanazidi kumpa maji wakidhani ana kiu. Bebeni pakiti za chumvi na sukari za kutosha. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Angalieni mkojo. Ukiwa wa rangi ya majani makavu au mweupe, sawa. Ukiwa kama chai ya rangi, mtu huyo hashiki chepe tena siku hiyo. Kila mtu aseme ukweli asubuhi na jioni, bila aibu, na aandikwe. Ninawasihi kwa hili kwa sababu wanaume huficha.

Mtu akianza kusema maneno yasiyounganika au kuyumba, na mwili una moto, hiyo si uchovu. Joto la mwili likipita nyuzi 40 ubongo unaumia kwa dakika. Mlazeni kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima na mpepeeni bila kuacha, halafu ndipo mtafute msaada. Kwa ajili hiyo tu, maji ya akiba ni halali kutumika siku yoyote.

---

Njia Mbili

Niongeze machache ya makaratasi na mawasiliano, kisha niwapishe.

Kama gari litavuka mipaka, ulizieni mapema "carnet de passages", ile hati ya forodha inayotolewa kupitia vyama vya madereva ili gari liingie kwa muda bila ushuru. Huisha baada ya mwaka mmoja na lazima igongwe muhuri kila mpaka, kuingia na kutoka.

Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setelaiti bebeni viwili, kila gari kimoja, na chaji tofauti. Lakini ulizeni sheria kabla ya kuvuka nacho. India, kwa mfano, huruhusiwi kuingia na simu ya setelaiti ya Thuraya au Iridium bila kibali.

Baadhi ya majangwa yana mabomu ya ardhini yaliyobaki vitani: kandokando ya ukuta wa mchanga wa Sahara Magharibi, mpakani mwa Libya na Chad, na eneo la el-Alamein nchini Misri. Mchanga huhama, na bomu huhama nao. Sehemu kama hizo mnafuata nyayo za magari zilizopo na mwenyeji wa hapo, hamkati njia mpya.

Tazameni pia majira. Hifadhi za jangwa la Simpson kule Australia hufungwa kabisa tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi kwa sababu ya joto, na wanaoingia majira mengine hutakiwa wapandishe bendera kwenye mlingoti mrefu mbele ya gari, ili anayepanda tuta upande wa pili aione kabla hamjagongana. Hata kama njia yenu haidai bendera, ifungeni.

Na msiamini alama za ramani za zamani. Kule Ténéré, Niger, ulikuwepo mti mmoja peke yake, alama ya misafara, umewekwa hadi kwenye ramani kubwa. Lori liliugonga mwaka 1973 ukaanguka. Mabaki yake yako makumbusho ya taifa Niamey, na pale ulipokuwa pamesimamishwa mti wa chuma. Kisima chako dada nacho kinaweza kuwa ni alama tu.

Acheni mtu nyumbani mwenye ratiba yenu na saa ya ujumbe wa kila jioni. Akikosa ujumbe jioni mbili mfululizo, apige namba mliyomwachia. Na mkikwama, msiache gari. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani.

---

Safina

Jamani, nawashukuru kutoka moyoni. Nimewasomea wote watatu sauti ya juu, jioni mbili.

Jumamosi tulikwenda mzani. Gari letu, na mzigo wote kama mlivyopanga, limesoma kilo 3,140. Kibati kinasema 2,960. Tumezidi 180, karibu zote ekseli ya nyuma. Mume wangu alisoma karatasi ile mara mbili hakusema neno, kisha akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta.

Sikumwambia kitu. Hema lile alilikusanyia fedha muda mrefu, na aliliwazia usiku tutakaolala juu tukitazama nyota. Aliporudi alikuwa na spana mkononi. Hema kilo 68. Kabati la mbao 54. Friji na betri yake 47. Meza na viti 14. Jumla 183, na sasa gari lina kilo 2,957. Tutalala chini, kwenye turubai. La shemeji lilikuwa na nafuu, limetoka friji peke yake.

Mzee Dira, umeniuliza mchanga unaanzia wapi. Kwa picha za setelaiti, kilomita 410 za kwanza ni changarawe, kisha mchanga mfululizo hadi 710, kisha changarawe tena 160 za mwisho. Je, namba 435 inabadilika?

Na swali la shemeji: matuta yenyewe yanapandwaje? Amejifunza kwenye video tu.

---

Babu Dira

Mwanangu, mpe mumeo pole yangu, na heshima yangu. Nimewaona watu wengi wakishindwa kufungua boliti zile.

Namba inabadilika, na vizuri umeuliza. Changarawe kilomita 410, pamoja na kuzunguka, ni lita 79. Mchanga wote ni 79 nyingine. Changarawe ya mwisho ni 31. Ile 94 haiguswi, ila inapaswa kufika mkiwa kilomita 57 ndani ya mchanga, yaani kilomita 467. Ungebaki na 435, ungefikia lita 94 kwenye kilomita 440 ukajiona uko salama, kumbe umeshachelewa na mchanga mzito wote uko mbele.

Kwa hiyo njia yenu ina vituo viwili vya kuamua. Cha kwanza ni mlangoni mwa mchanga, kilomita 410. Jazeni tangi, hesabuni. Gari lolote likiwa limetumia zaidi ya lita 79, msiingie. Laleni hapo, asubuhi mgeuze. Cha pili ni lita 94. Ikifika kabla ya kilomita 467, geuzeni. Na hicho cha kwanza ndicho ninachokithamini zaidi, kwa sababu mnaamua mkiwa bado juu ya ardhi ngumu.

Matuta. Upande unakotoka upepo umelala na mchanga wake umeshikana. Upande wa pili umesimama, nyuzi 32 hadi 34, na ni laini kama unga. Pandeni kutoka upande uliolala kila njia inaporuhusu. Shemeji ashuke kwanza apande kwa miguu atazame ng'ambo. Ndiyo, kila tuta asilolijua. Gari la pili lisubiri chini hadi la kwanza litoe ishara.

Kasi ichukuliwe chini, kwenye tambarare, siyo katikati ya mteremko. Karibu na kilele aachie mafuta, gari lifike juu limekaribia kusimama, pua imenyooka mbele. Asifike kilele kiubavu hata siku moja, gari hulala pale. Likishindwa kupanda, asigeuze katikati: gia ya nyuma, arudi kwenye nyayo zake mwenyewe hadi chini, aongeze kasi kidogo, ajaribu tena. Akishuka upande uliosimama, gia ya chini, moja kwa moja, na breki asiiguse. Mkia ukianza kuteleza kwenda pembeni, akanyage mafuta kidogo, utanyooka.

Kusimama pia kuna namna. Ukikanyaga breki unajirundikia mchanga mbele ya magurudumu yote manne. Acha gari lijisimamie, na liwe limeelekea chini.

Asubuhi mchanga ni baridi, umeshikana, na vivuli vinakuonyesha umbo lake. Ikifika saa sita mchana jua liko utosini, tuta na shimo vyote vinafanana. Wakati huo laleni chini ya turubai mpaka saa tisa. Mtapoteza saa, hamtapoteza gari.

Mkikwama, zimeni injini, wote washuke, toeni upepo, chimbeni mbele ya magurudumu na chini ya tumbo la gari, tieni vibao chini ya magurudumu. Kamba ya kuvutia iwe ya mwisho. Na kamba isifungwe kamwe kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Ukikatika unaruka kama risasi, na umeua watu. Fungeni kwenye ndoano zilizoshikwa na chesisi, na wasio madereva wakae mbali, mara mbili ya urefu wa kamba.

---

Fundi Boneti

Beringi za magurudumu, badilisheni zote kabla ya kuondoka, na mbebe seti moja ya akiba na grisi yake. Nimeisoma hadithi ya mzee mara tatu.

---

Safina

Beringi zinafungwa Alhamisi, magari yote mawili.

Nimechukua kibao chembamba cha alumini, nikaandika kwa kalamu ya rangi isiyofutika: 410, si zaidi ya 79. Chini yake: 94 kabla ya 467, tunarudi. Nimetengeneza viwili, kila gari kimoja, vimekaa juu ya redio ambapo dereva na abiria wote wanaona. Tumetia sahihi wanne. Mume wangu ndiye aliyetia ya kwanza, na akaniomba kalamu aongeze kitu chini. Ameandika tarehe ya leo na saa, 2:40 usiku, mezani.

Ruhusa ikitoka nitarudi hapa niwaambie siku ya kuondoka.